Mwaka Niliojiandaa Kuwa Refa wa Vita

Kwa muda wa wiki tano hivi niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha kidato cha nne, kwamba serikali ya Saudia ingenipeleka mpakani mwa Yemen nikawe refa wa vita.

Sicheki ninapoandika haya. Ama nacheka, lakini wakati ule sikucheka. Vita vyenyewe vilikuwa vya kweli. Huko Yemen, nchi jirani, watu walikuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe, na upande mmoja walikuwa wanamgambo wa Kishia walioshuka kutoka milima ya kaskazini wakauteka mji mkuu. Saudia, ambayo wakubwa wake ni Wasunni, ilikuwa imeingia upande wa pili na ndege zake. Hayo tuliyasikia kwenye redio za magari kwa Kiarabu, tukaelewa robo, na robo tatu zilizobaki tukajitungia.

Mtungaji mkuu alikuwa dereva mmoja Mkisii, mwenye mwili wa jokofu la milango miwili na sauti ya mhubiri wa sokoni. Tulikutana naye kila adhuhuri nje ya shule moja ya wasichana huko Al-Malqa, Riyadh, tukiwangoja watoto wa mabosi wetu. Ilikuwa miaka ile maajenti wa Nairobi walipokuwa wakitujaza kwenye ndege kama magunia ya viazi, na nje ya lango lile ungesikia Kikisii, Kikamba, Kiluhya na Sheng ya Kayole kabla hujasikia neno moja la Kiarabu.

"Sikizeni," Mkisii alisema siku hiyo, akiwa ameegemea gari la bosi wake mpaka likainama. "Hii vita ni ya Sunni na Shia. Sisi ni nani?"

"Madereva," mmoja akajibu.

"Sisi ni Wakristo. Hatuko huku, hatuko kule. Wewe ukipigana na ndugu yako nyumbani, nani anaitwa kuamua? Si jirani asiyehusika? Basi serikali inatafuta kwenye kompyuta mtu mwenye vitu viwili: awe na leseni, na kibali chake cha kukaa, ile ikama, kiseme si Mwislamu. Anapewa gari jeupe, anasimama katikati."

"Afanye nini huko katikati?"

"Abebe majeruhi. Aseme huyu amezidi, huyu arudi nyuma. Kama refa."

"Na wakimpiga risasi?"

"Refa hapigwi, maze. Umeona wapi refa amepigwa?"

Dereva mmoja wa Kakamega, aliyewahi kuchezea timu ya kiwanda cha sukari, alisema yeye ameona marefa wengi wakipigwa, na mmoja alikimbizwa hadi akajifungia ndani ya kanisa. Tukamwambia anyamaze, anaharibu hoja.

Mtu atauliza niliamini vipi. Niliamini kwa sababu nimesoma. Wenzangu wengi waliacha shule wakaendelea na maisha. Mimi nilirudi shule ya jioni Nakuru nikiwa na ndevu, nikakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu, na somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa historia. Katika historia nilikuwa nimesoma kwamba vita vina watu wa katikati wanaobeba majeruhi chini ya bendera. Kwa hiyo Mkisii alipotoa uvumi, mimi niliutilia tanbihi. Ndani ya siku tatu nilikuwa nimewaeleza wenzangu sare itakuwa ya rangi gani.

Na nilikuwa na ushahidi mwingine. Ukitoka Riyadh kwenda Jeddah kwa gari, ukikaribia Makka unakuta mabango makubwa juu ya barabara: Waislamu waendelee moja kwa moja, wasio Waislamu wachepuke wazunguke. Sisi tuliiita barabara hiyo njia ya Wakristo. Nilikuwa nimeipita mara nyingi nikiwa naendesha, nikijiona mtu muhimu sana kuwa na barabara yangu. Sasa nikajiuliza, serikali iliyoweza kututenga na wengine barabarani itashindwa vipi kututenga vitani?

Wiki ile ile bosi wangu, ambaye nilimwita baba ingawa tulikuwa karibu rika moja, alinikuta nikipangusa vioo vya gari. Akaninyoshea mkono.

"Leta leseni na ikama."

"Kuna nini, baba?"

"Serikali inataka. Jumapili tutakwenda upimwe macho."

Serikali inataka. Kitambaa kilianguka kutoka mkononi mwangu, na nikiwa mkweli, mwenye kitambaa pia nusura aanguke. Macho ya refa ndiyo kitu cha kwanza kupimwa, hilo hata mtoto anajua.

Jioni hiyo nilikwenda kumweleza mtu mmoja tu niliyetaka ajue. Alikuwa mpishi wa nyumba yetu, dada wa Machakos, na kwa miezi minane nilikuwa nikizungumza naye kupitia dirisha la jiko. Utaratibu wa nyumba haukuruhusu mwanamume kuingia jikoni, kwa hiyo sahani yangu ilipitishwa dirishani, na mazungumzo yetu yalidumu muda wa kupokea sahani na kuirudisha. Nilijifunza kula polepole. Wali ambao mtu mwingine angeumaliza kwa dakika tano, mimi niliusafiria kama kutoka Nakuru hadi Kisumu kwa miguu.

Nilimweleza yote. Akaendelea kumenya vitunguu.

"Nani alikwambia?"

"Yule Mkisii."

"Yule aliyesema ngamia wa hapa wana ikama?"

"Hiyo bado haijathibitishwa."

"Na sasa unataka kufanya nini?"

"Nitaanguka mtihani wa macho. Asiyeona hawezi kuwa refa."

Akanitazama. Yeye leo anasema hakusema hivi, lakini alisema: "Na asiyeona anaweza kuwa dereva?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilimrudishia sahani nikiwa sijamaliza, jambo ambalo halikuwahi kutokea tena.

Jumapili tulikwenda kliniki. Ukutani palikuwa na karatasi ya herufi E, zimelala huku na kule kama viti vilivyopinduliwa baada ya harusi, na kazi yako ni kuonyesha kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Daktari alikuwa mzee wa Kisudani, mpole, mwenye kijiti. Alipoonyesha iliyotazama juu, nilionyesha chini. Iliyotazama kushoto, kulia. Nilifanya kazi safi. Nilikosea zote, kuanzia ile kubwa ambayo ingeonekana kutoka angani.

Daktari akashusha kijiti, akavua miwani yake.

"Kijana, asiyeona hubahatisha. Akibahatisha, moja mbili hupatia. Wewe umekosa zote. Kukosa zote kunataka macho ya mwewe."

Nikamwambia mimi sina bahati tangu utotoni. Akatikisa kichwa, akaandika kwamba sijapita na nirudie mahali popote katika muda wa wiki mbili.

Baba aliisoma ile karatasi akiwa amesimama kwenye maegesho. Nikaona anazipita kichwani barabara zote nilizompitisha yeye na watoto wake kwa miaka miwili.

"Ile siku ya mvua," akasema taratibu, "kwenye daraja. Ulikuwa unaona?"

"Kidogo, baba."

"Kidogo."

Akachukua ufunguo mkononi mwangu. Akaniambia neno ambalo sikulitarajia lifike upesi vile: nitarudia mtihani mara moja tu, na nikianguka tena, halas, tiketi ya kurudi Kenya moja kwa moja. Dereva mwingine, Mbangladeshi, alikuwa tayari ametajwa na jirani. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayefunga dirisha kwa sababu vumbi linaingia.

Basi hesabu yangu ikawa hivi. Nikiona, naenda mpakani kusimama kati ya wanamgambo wa Kishia na jeshi la Saudia. Nisipoona, naenda Nakuru, na yule dada wa dirishani anabaki Al-Malqa na mwaka mzima na nusu wa mkataba. Simu yake ilikaa kwa madam, mke wa baba, hadi Ijumaa, na Ijumaa alipiga kwao. Nikiondoka, nilikuwa nimeondoka.

Nilimwambia. Safari hii hakumenya kitu.

"Mbangladeshi anakula pilipili?" aliuliza.

"Sijui."

"Nijue mapema nipunguze au niongeze."

Nilikaa chumbani mwangu kando ya lango nikilitafakari jibu hilo kama swali la mtihani wa taifa. Nilifikia uamuzi kwamba lilikuwa la huzuni.

Siku chache baadaye, tukiwa tumetoka tu kufungua mapazia ya asubuhi, kishindo kilipasuka juu ya Riyadh. Wanamgambo walikuwa wamerusha kombora kutoka Yemen, na wenyeji wakalipiga likiwa hewani. Hakuna aliyeumia kwetu. Vifuniko vya sufuria viligongana jikoni, na mimi nikajikuta chini ya gari, ambako nilikaa kwa makisio yangu mwezi mmoja. Yule dada anasema ni dakika kumi, na kwamba alinisikia nikiomba kwa lugha nne.

Madam akasema inatosha, anakwenda kwa mama yake Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, mpaka mambo yatulie. Tukafungasha. Baba aliendesha mwenyewe, nami nikakaa kiti cha mbele cha abiria, mikono mitupu, kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Nyuma walikaa madam, watoto na mpishi. Baba aliendesha kama mtu anayemfukuza mwizi, na kila alipoyumba sikuweza kusema neno, maana mtu asiyeona E atasemaje kuhusu lori? Tulipofika kwenye yale mabango karibu na Makka, akachepuka kushika njia ya Wakristo kwa ajili yetu wawili, akazunguka na familia yake nzima bila kulalamika. Nilimwonea huruma kwa kumdanganya. Pia niliona lori.

Al-Nuzha nilipokelewa na mama yake madam, bibi mfupi mwenye amri kuliko jenerali. Aliposikia kisa changu alisema Riyadh hakuna madaktari, kuna watu wenye makoti. Kila asubuhi akaniletea kijiko cha asali iliyochanganywa na habbat sauda, zile mbegu nyeusi, akasimama mpaka nimeze.

"Unaona nini?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Namwona bibi."

"Vizuri. Kesho utaniona zaidi."

Siku ya mtihani wa pili ilifika. Kliniki ilikuwa kwenye jengo lenye madaktari wa kila kiungo, na madam aliamua kuunganisha safari: mtoto mdogo aende kwa daktari wa meno ghorofa ya pili, mimi kwa wa macho ghorofa ya tatu. Mpishi alikuja kumshika mtoto. Tulipanda ngazi mimi nikiwa mbele na baba, wao nyuma, na kwenye kona madam na baba walisimama kusoma vibao vya milango. Yule dada akasimama ngazi moja chini yangu, mtoto kiunoni. Ilikuwa mara ya kwanza katika miezi tisa namwona bila fremu ya dirisha. Nilishangaa kuwa ana miguu.

Akasema chinichini, bila kunitazama, "Mimi hiyo vita yako siijui. Lakini mpakani watu huenda wakarudi. Kwa tiketi ya baba hakuna kurudi."

"Unasema niende vitani?"

"Nasema uone."

Wakapanda kwenda kwa meno.

Niliketi mbele ya karatasi ya E nikiwa mtu aliyekwisha kuamua. Sijawahi kuwa shujaa. Nikiwa mtoto nilikuwa namtuma dada yangu mdogo akafukuze kuku. Lakini nilizionyesha zile E moja baada ya nyingine, juu, kushoto, chini, na kila nilipopatia nilihisi napiga hatua moja kuelekea milima ya Yemen. Nilipofika mstari wa mwisho muuguzi akasema yatosha. Sikusimama. Nilimsomea hata jina la kiwanda cha uchapishaji lililoandikwa pembeni kwa herufi za ukubwa wa chawa.

Baba aliposoma karatasi alinikumbatia pale pale kwenye korido. Akampigia simu mama mkwe wake. Jioni hiyo nyumba ya Al-Nuzha ilijaa wanawake wa jirani waliokuja kununua siri ya habbat sauda, na bibi aliniita uani mara tatu ili niwaeleze wageni saa ya ukutani inasema nini. Ukiniuliza, macho ya mtaa mzima yalipona mwezi ule.

Ufunguo wa gari ukarudi mfukoni mwangu. Baba akaniambia karatasi zimekwenda na majibu yatakuja baada ya siku mbili. Majibu. Nikaona nina siku mbili za kujiandaa.

Kesho yake nilitumwa kununua samaki Ruwais, ule mtaa wa zamani karibu na bahari, na huko nilikuwa na duka nililolizoea kila tulipokuja Jeddah. Mwenye duka alikuwa Myemeni wa makamo, mkimya, mwenye koti la suti juu ya kanzu hata joto likipanda vipi. Alikuwa amekaa Mombasa miaka saba ujanani kwa ami yake aliyekuwa na mkahawa, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, ingawa hakunikosoa. Sikuwahi kumuuliza kwao ni sehemu gani ya Yemen. Kwangu Yemen ilikuwa moja, na yeye aliuza maziwa.

"Karibu, dereva," akasema. "Macho yamepona? Habari imefika hata huku."

"Yamepona, ami. Nataka filimbi."

"Filimbi?"

"Na kitambaa cheupe, kipana. Halafu nifundishe kusema kwa Kiarabu cha kwenu: msipige, mimi si wa upande wowote."

Aliweka chini pakiti ya chumvi aliyokuwa ameishika. Akaniuliza nakwenda wapi. Nikamweleza kila kitu, Mkisii, kompyuta, gari jeupe, barabara ya Wakristo, mtihani wa macho. Nilimweleza vizuri, kwa mikono, kama nilivyozoea kueleza nje ya lango la shule. Nilitarajia acheke. Nilipomaliza alikuwa anatazama mlango.

"Mimi kwetu ni kaskazini," akasema. "Sisi ni Wazaidi, watu wa madhehebu ya Zaidi. Mashia, kama mnavyosema nyinyi. Nina ndugu wawili huko. Mdogo yuko na hao wanamgambo."

Nilijaribu kurudi nyuma hatua moja, nikakanyaga kreti ya soda.

"Alijiunga kwa dini?" niliuliza, maana ndiyo historia niliyoisoma.

"Alikuwa anafundisha hesabu. Walikuja kijijini wakasema kila nyumba itoe mtu mmoja. Baba yetu ni mzee. Mimi niko huku nauza maziwa. Akatoka yeye."

"Na yule mkubwa?"

"Mkubwa alikuwa mwanajeshi wa serikali tangu zamani. Yuko upande wa pili. Mama anawapikia wote wawili wakija, siku mbalimbali."

Mteja mmoja aliingia, mwanamke na mtoto, akasimama nyuma yangu na sabuni mkononi. Nikasema nililokuja nalo.

"Sasa huko mpakani, nikifika, nimtafute ndugu yako? Nimwambie nini?"

Alinitazama bila ukali, kama yule daktari wa Kisudani alivyonitazama. Kisha akaegemea meza ya duka akanieleza polepole, mara moja tu, kama unavyomweleza mtu bei.

"Mafi refa, bwana. Hakuna refa, hakuna gari jeupe, hakuna kompyuta inayokutafuta. Hakuna anayekwenda kusimama katikati, na ndugu zangu hawangoji mtu wa kuwaamua. Hii serikali haikuiti vitani, na wale wanamgambo hawajui kama upo. Leseni yako ilikuwa inaisha muda, bosi wako akaifanya upya, na leseni haifanywi upya bila kupimwa macho. Basi. Nenda kanunue samaki wa madam, na usogee kidogo, huyu mama anataka kulipa sabuni."